Meza Waliyoiweka Gare

Mama Steve alisema aliona kwa macho yake mwenyewe. Alitoka kununua makala, makaa ya kupikia, Ijumaa asubuhi, akapitia gare, pale treni inaposimama, akakuta watu wamejaa. Watu wa kusafiri wanajulikana, wanaangalia njia ya reli. Hawa walikuwa wamekaa chini. Wametandika plastiki za bluu, wamepanga sufuria na magodoro yaliyofungwa kamba. Mtoto analia. Solda mwenye bunduki anasukuma wamama. Na kuna meza, na mtu nyuma ya meza anaandika majina, na kila akimaliza jina moja anauliza: "Baba yako alizaliwa wapi?"

Hivyo ndivyo alivyosema. Aliponiambia mimi, watu walikuwa mia moja. Kaku alipotoka ndani na kitambaa chake cha kichwa mkononi, Mama Steve akarudia habari tangu mwanzo, na watu wakawa mia tatu.

"Banaanza tena, Kaku," akasema. "Minye nimekuya kukuambia juu ya mapendo. Bengine hapa ku avenue batakuona unashikwa, batanyamaza."

Nilikuwa nakaanga mikate ya kuuza. Niliiacha mafutani.

"Mama Steve," nikauliza, "na weye balikuuliza baba yako alizaliwa wapi?"

"Baniulize minye? Minye si ni muntu wa hapa."

"Ulifika karibu na ile meza?"

"Elikia, unaulizaka sana kama juge wa mahakama. Kaku, mutoto yako iko nafikiri minye nasema uongo."

Kaku alifunga kitambaa chake kichwani, akakikaza, kama mtu anayekwenda safari.

Mama Steve ni jirani yetu wa Kikula, nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa mabati yaliyotoboka. Jina lake ni Philomène, lakini watu wanamwita kwa jina la mtoto wake. Kaku ni nyanya yangu, mama ya baba yangu. Kaku ni neno la Kasai, kule baba yake alikozaliwa. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, wakati mji bado unaitwa Jadotville, jina la wakoloni. Kasai aliiona mara ya kwanza akiwa na watoto watatu, mwaka ule wa tisini na mbili, watu wa asili yake walipoambiwa hapa si kwao, watoke. Walikaa gare miezi wakingoja treni. Alifika gare na watoto wanne.

Mimi mama yangu ni Musanga, kabila la hapa. Baba anachimba madini Kolwezi, mama yuko naye huko, simu yake inaita mara moja kwa juma. Kwa hiyo nyumbani tuko wawili, Kaku na mimi, na nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga tofali kwa tofali aliporudi. Nyumba ile ndiyo kitu pekee tulicho nacho. Karatasi yake ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda.

Kaku aliingia ndani. Nikasikia lile kopo likikwaruza saruji.

Sikumwamini Mama Steve, lakini sikuweza kusema hapana. Kitu kama hicho kilishatokea. Mtu akikuambia nyumba yako inaungua, na iliwahi kuungua kweli, unaweza kumcheka? Ila kulikuwa na jambo jingine, nililiweka moyoni tangu Jumatano. Siku hiyo niliona shati la kijani, la kisolda, limeanikwa kwenye kamba ya Mama Steve. Steve hana kazi ya bunduki. Steve anabeba watu kwa pikipiki. Niliona, nikanyamaza. Ndiyo tabia yangu, nikiona kitu nakaa nacho kwanza.

"Kaku," nikamwambia, "ngoja. Niende nione minye mwenyewe. Usifanye kitu mpaka nirudi."

"Mwaka ile mume wangu alisema hivyo hivyo. Ngoja, niende nione."

"Saa moja tu, Kaku."

"Nenda, Elikia," akasema Mama Steve. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti changu, karibu na mbabula, jiko langu la makaa, anageuza mikate yangu na uma. "Minye nabaki naye."

Hilo neno lilinifuata njia nzima. Nilikwenda kwa miguu, karibu na kukimbia.

Nilipokata kona ya gare nilisimama. Ilikuwa kweli. Plastiki za bluu, mizigo, wamama wameshika matama, mzee amejifunika blanketi juani. Solda akapita katikati akipiga kelele, na mwanamke mmoja akaanguka na mtoto wake, na mtoto akalia kwa sauti kali. Nikasema ndani yangu: Mama Steve, unisamehe.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi, akasema, "Coupez! Kateni! Tunarudia!" Yule mwanamke akasimama, akajipangusa matako, akampa mtoto kipande cha muwa. Mtoto akanyamaza palepale. Mzee wa blanketi akatoa simu akaangalia saa. Mzigo mmoja ulikuwa umefunguka, na ndani mlikuwa na majani makavu.

Nilikaa nyuma ya ukuta wa choo, nikaangalia mara ya pili. Mwanamke akaanguka tena, palepale. Mtoto akalia tena. Na solda, alipogeuka upande wangu, alikuwa Steve wa Mama Steve, ndani ya shati la kijani.

Aliponiona akaja akicheka, bunduki ya mbao begani.

"Elikia! Unakuya kuomba asile? Ulaya inajaa, rudia kwenu!"

"Steve, hii ni nini?"

"Ni cinéma. Filme ndogo, dakika kumi na mbili. Iko juu ya bakimbizi benye kuomba kulindwa mu inchi ya bengine. Gare inakuwa frontière, mupaka. Yule pale ni Jean-Luc, katoka Lubumbashi na kamera. Minye niko mubaya." Akajipiga kifua. "Mubaya namba moja."

"Na mama yako anajua?"

"Mama? Si yeye alifua hii chemise, akashona na bouton yenye ilianguka. Jana nilimuleta hapa aone. Alicheka mpaka akakaa chini. Juu ya nini unauliza?"

Nilikuwa nimegeuka kurudi nyumbani. Mama Steve jana alikuwa hapa. Jana alicheka. Leo amekaa kwenye kiti changu na Kaku yuko naye peke yake.

Sikufika hata barabarani. Baiskeli ya kubeba watu ilisimama mbele yangu, na juu ya kiti cha nyuma alikuwa Kaku, na mzigo wake magotini. Huu haukuwa wa majani.

"Kaku! Nilisema ungoje!"

"Philomène alisema saa inapita. Alisema bakinikuta mu nyumba ni mubaya kuliko nikikuya mwenyewe."

Akashuka. Akapita mbele yangu, mbele ya Steve, mbele ya kijana aliyetaka kumzuia, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya tatu ya ukumbi. Hakutafuta. Alijua. Akaweka mzigo, akakaa, akanyoosha miguu.

"Hapa," akasema. "Hapa Jenny alilala."

Jenny ni mtoto wake wa nne, shangazi yangu ambaye alifikia miaka minne tu. Aliugua tumbo humu, treni ikichelewa. Walimzika nyuma ya ukuta, haraka, na kesho yake treni ikaja.

Nilichuchumaa. "Kaku, sikia. Ni mchezo. Ni cinéma. Steve ndiye solda, mutazame. Hakuna muntu iko nafukuzwa."

Alimtazama Steve. Alitazama plastiki. "Ata mwaka ile balisema ni mchezo. Mchezo ya bakubwa, itapita."

"Kaku, karatasi ya parcelle, ile ya nyumba, iko wapi?"

"Nimemuachia Philomène. Na funguo. Achunge."

Sasa mtu wa nje atashangaa. Atasema, mwanamke aliyepoteza nyumba mara moja atampaje jirani karatasi? Lakini ndiyo sababu yenyewe. Mwaka ule Kaku alifunga nyumba yake na kufuli, akajifungia ufunguo kiunoni. Akiwa bado hapa gare akasikia bati zimekwenda, halafu milango, halafu tofali. Rafiki yake Angèle alimweka jirani ndani ya nyumba yake na karatasi mkononi, na alipokuja kurudi, miaka kumi na miwili baadaye, akakuta kuta zimesimama, akazungumza na jirani vizuri, jirani akatoka. Waliopita gare wote wanalijua hilo. Ukiondoka usifunge, weka mtu. Mama Steve analijua pia, maana Kaku amelisimulia kwenye ua wetu mara ngapi, na yeye yuko pale anakula mikate yangu.

"Aliandika kitu?" nikauliza.

"Aliandika mu cahier, mu daftari yake. Nikatia kidole."

"Aliandika nini, Kaku?"

"Kwamba atachunga."

"Ulisoma?"

"Na macho gani?" akasema. Kaku hajui kusoma. Mimi najua. Nilimaliza darasa la sita. Na saa ile ya kusoma, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa choo naangalia mchezo.

Kama ameandika *nimemwachia*, sawa. Kama ameandika *nimemuuzia*, basi kidole cha Kaku kiko chini yake, na nani atatuamini, na karatasi yenyewe haiko kwetu? Nilitaka kukimbia. Nilimshika Kaku mkono, akautoa taratibu.

"Ile meza ni ya nini?" akauliza.

Mbele ya ofisi ya tikiti waliweka meza, na juu ya mlango kibao: POSTE FRONTIÈRE. Nyuma ya meza alikaa mtu mwenye kofia ya afisa. Niliangalia vizuri, nikamtambua. Alikuwa Mwalimu Symphorien, aliyenifundisha darasa la sita, yule ambaye kila Pasaka anacheza Pilato kanisani.

"Ni ya mchezo, Kaku. Bakimbizi banakuya pale kuomba. Yeye anaandika."

"Banaombaka nini?"

"Kukaa. Kulindwa."

Kaku akasimama, akaacha mzigo wake pale pale, akaenda kusimama kwenye mstari. Watu walimpisha, wakidhani ni mmoja wao. Nilimwona Jean-Luc akigeuka, kijana mwembamba, miwani kwenye nywele. Akamnong'oneza mwenye kamera. "Ule mama, nani alimuleta? Usizime. Usizime, nakuambia."

Sikuipenda sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe yuko karibu.

Zamu ya Kaku ikafika.

"Jina?" akasema Mwalimu Symphorien, kwa sauti yake ya Pilato, bila kuinua uso.

"Suzanne. Unanijua. Nilikuwa nakuuzishia mikate ku masomo."

Akainua uso. Nikamwona akitafuta kwa macho, Jean-Luc akazungusha mkono: endelea, endelea.

"Munatoka wapi, mama?"

"Kikula. Baba yangu alizaliwa Kasai, andika, sifiche. Minye nilizaliwa hapa."

"Munaomba nini?" Hilo lilikuwa kwenye karatasi yake, lakini alilisema polepole, na Pilato hakuwamo tena.

"Naomba nibaki." Kaku aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Mutoto yangu Jenny iko nyuma ya ule ukuta. Nyumba yangu iko Kikula. Sikuiuzisha. Nimemuachia Philomène, mama ya ule solda, anichungie. Andika hivyo. Siku ingine akisema niliuzisha, ni uongo. Andika: Suzanne hakuuzisha, na iko naomba kubaki kwake."

Steve aliondoa bunduki ya mbao begani, akaishika chini kama fimbo. "Kaku, mama alifanya nini?" akasema kwa sauti ndogo.

Mwalimu Symphorien alivua kofia. Akavuta karatasi moja ya mchezo, ile yenye nembo ya nchi isiyokuwapo, akaandika. Aliandika vizuri, mwandiko wake wa ubaoni. Akamsomea neno kwa neno. Kaku akasema "Ndiyo" kila mwisho wa sentensi. Halafu akapiga muhuri, maana muhuri ulikuwa pale, akampa.

"Coupez," akasema Jean-Luc, taratibu.

Alikuja kwetu akikimbia. Akamshika Kaku mikono yote miwili, akasema kwa Kifaransa maneno mengi, halafu kwa Kiswahili kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho, kwamba filme yake sasa imepata moyo. Akanipa karatasi na kalamu. "Ni ya image tu, dada. Kwamba anakubali uso yake ionekane. Unatia sahihi hapa."

Siku hiyo kidole kimoja cha Kaku kilikuwa kimekwisha kutumika. Nikakaa chini, nikaisoma. Nilisoma kila neno, na maneno ya Kifaransa niliyoshindwa nikampelekea Mwalimu Symphorien. Ilikuwa jinsi alivyosema, lakini pale chini iliandikwa kwamba picha ni mali ya mtengenezaji, popote na daima.

"Popote ni wapi?" nikamwuliza Jean-Luc.

"Aa, dada, ni maneno ya bo avocats, ya banasheria."

"Na daima?"

Akacheka, halafu akaacha. "Unataka nini?"

"Ile sehemu Kaku anasema kuhusu nyumba. Uniwekee mu telefone yangu. Kwanza."

"Haiwezekani leo. Nitatuma nikifika Lubumbashi."

"Basi na sahihi nitatuma ukifika Lubumbashi."

Nikakaa na karatasi yake magotini. Kukaa nakujua. Ninauza mikate, nimekaa maisha yangu yote. Wao walirudia tukio la mzee wa blanketi, wakala mkate na sardini, wakarudia tena. Kaku alilala kidogo kwenye nguzo yake. Walipoanza kukunja plastiki, Jean-Luc alikuja na kompyuta yake, akanipa video ile, dakika tatu na nusu. Nikaiangalia yote mbele yake, na sauti. Ndipo nikatia sahihi.

Njiani tulipanda taxi-bus. Kaku alishika karatasi ya Mwalimu mbali na jasho lake.

"Kaku," nikasema, "unajua hiyo muhuri ni ya mchezo? Hakuna ofisi itaikubali."

"Minye si kipofu."

"Basi juu ya nini ulisimama pale?"

Aliangalia nje. "Mwaka ile tulikaa gare mezi tano. Hakuna muntu aliweka meza. Hakuna muntu aliuliza munaomba nini."

Tukashuka Kikula.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika. Mlango wetu ulikuwa na kufuli mpya, ya shaba, sijawahi kuiona. Kwenye ua wetu kulikuwa na mabeseni mawili ya mahindi yameanikwa, si yetu. Mbabula yangu haikuwapo. Niliiona kupitia tundu la bati: ilikuwa upande wa Mama Steve, mafuta yangu bado juu yake.

"Nitamuambia nimeona ile chemise," nikasema. "Nitamuambia Steve alisema jana alimuleta gare, na alicheka. Nitamuonyesha video mbele ya avenue yote."

"Hapana."

"Kaku!"

"Ukimuambia unajua, atafanya nini? Atasema alinunua, ajitoe mu haya. Umuachie pa kutokea. Akikatala, basi utaonyesha video yako."

Tukazunguka. Mlango wa Mama Steve ulikuwa umefungwa, lakini redio ililia ndani, mahubiri ya mchungaji, na viatu vyake vya plastiki vilikuwa pale kizingitini, kimoja kimelala. Nilipiga hodi. Nikapiga tena. Pazia la dirisha lilitikisika, na hakukuwa na upepo.

Kaku alitua mzigo wake mbele ya mlango. Akakaa juu yake, akanyoosha miguu, kama alivyokaa kwenye nguzo ya tatu. Majirani wa ng'ambo walianza kutoka mmoja mmoja. Nilishika simu mfukoni, video iko tayari, kidole juu yake.

"Mama Steve," akaita. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Ni minye, Suzanne. Nimefika gare, nimeona ni cinéma. Ulidanganyika kama minye, haina neno, bote tulidanganyika. Nimerudi. Naomba karatasi yangu, na ile ya cahier, Elikia anisomee."

Ndani, mtu alipunguza sauti ya redio.

"Mama Steve, naomba karatasi yangu."

Redio ikazimwa. Tulisikia miguu ikija mpaka nyuma ya mlango, ikasimama pale.